Mkia wa Faili

Malipo ya kazi ile yalikuwa sahani ya pilau ya mbuzi na bilauri ya maji ya ukwaju, nami nikaona nimelipwa vizuri mno. Ami alinitazama nikila huku akiwaambia wageni wake, "Huyu kijana wetu, kompyuta zamwogopa." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mtu wa umri huo akisifiwa mbele ya wageni, huamini kila neno.

Kazi yenyewe haikuzidi dakika kumi. Ami ana ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, ghorofa ya kwanza, kwenye kichochoro kimoja kinachochomoka Ndia Kuu. Babu yake alikuwa akipokea mizigo ya majahazi pale pale chini, Bandari ya Kale. Siku hizi mizigo yaja ndani ya makontena na kushukia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, lakini Ami amekataa katakata kuhama. Asema kodi ya Mji wa Kale aimudu na kahawa iko karibu. Ofisi ina watu watatu: yeye, kijana wa kukimbia bandarini na karatasi, na bibi mmoja aliyesomesha chekechea miaka mingi kabla ya kuingia kazi za forodha, ambaye mtaa mzima wamwita Mwalimu. Mwalimu ndiye mwenye kompyuta.

Machi 2017 alinunuliwa kompyuta mpya, na kompyuta mpya ikaja na Outlook mpya. Wiki ya kwanza tu pakazuka kero. Karani wa Sharjah aliyekuwa akipakia vipuri vya magari vya mteja wetu mkubwa alikuwa na mazoea ya kutuma orodha ya vitu ikiwa faili ya hifadhidata, ile ambayo jina lake huishia .mdb. Kompyuta ya zamani ilikuwa ikiifungua bila maneno. Hii mpya ikachora mstari juu ya barua: kiambatisho kimezuiwa, huenda si salama. Jina la faili Mwalimu alikuwa akiliona kwa macho yake, lakini hakuweza kuifungua wala kuihifadhi.

"Mbona chakataa?" Ami akaniuliza kwa simu. "Juzi kilikuwa chafunguka. Na kontena ishafika, siku za bure zahesabiwa."

Siku za bure ni lugha ambayo kila mtu wa Kilindini aielewa. Zikiisha, kontena huanza kula pesa huku imekaa tu, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Zile ngazi nilizipanda mbili mbili.

Kizuizi kile kina historia, na historia yenyewe niliijua, ndiyo maana sina udhuru. Tarehe 4 Mei 2000 barua ya mapenzi ilitoka Ufilipino ikazunguka dunia kwa siku moja. Ilibeba kiambatisho ambacho jina lake lilionekana kuishia TXT, yaani maandishi matupu. Nyuma ya TXT palikuwa na mkia mwingine, .vbs, ambao ni mkia wa programu, na Windows ilikuwa na tabia ya kuuficha mkia wa mwisho ili majina yapendeze machoni. Watu wakabofya wakidhani wanasoma. Kirusi kikaharibu mafaili yao, kisha kikajituma kwa kila aliyeandikwa kwenye kitabu chao cha anwani, wakwe, mabosi na wadeni pamoja. Onel de Guzman, ambaye miaka mingi baadaye alikiri kuwa ndiye aliyekiandika, hakuhukumiwa, kwa sababu Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kumshika nayo. Muda mfupi baada ya zahama hiyo Microsoft ikatoa marekebisho ya Outlook yaliyozuia orodha ndefu ya mafaili yanayoweza kujiendesha yakibofywa: .exe, .bat, .vbs, .js na jamaa zao. Hifadhidata za .mdb zimo kwenye orodha hiyo kwa kuwa nazo zaweza kubeba programu tumboni.

Mstari ule wa Outlook, kwa hivyo, ulikuwa ukiuliza swali ambalo nyumba yoyote ya Mji wa Kale huuliza. Nyanya yangu aliishi Kibokoni, nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi uliokuwa mzito kuliko mimi. Ukipiga hodi, sauti yatoka dirishani juu: "Nani?" Ukijibu "Mimi", yarudi: "Mimi nani?" Wabaki juani mpaka ulitaje jina lako, la baba yako, na shida yako. Hata muuza mikate, ambaye nyanya alimjua miaka thelathini, hakufunguliwa. Kikapu kiliteremshwa kwa kamba, kikapanda na mikate, ikabonyezwa na kunuswa, ndipo pesa zikashuka. Utoto wangu wote nilivuta kamba ile. Na bado siku ile kwa Ami, mashine ilipouliza "Mimi nani?", nikajibu kwa niaba ya watu wote wa dunia.

Ndani ya Windows mna rejista, daftari kubwa ambamo programu huandika mipangilio yake. Penye usalama wa Outlook waweza kuongeza mstari uitwao Level1Remove, ukauandikia mikia unayotaka iachiliwe. Njia hii Microsoft yenyewe imeieleza, hapana uchawi wowote. Nikaandika .mdb. Nikaifunga Outlook, nikaifungua tena, na orodha ya vipuri ikakubali kuhifadhiwa, kisha kufunguliwa. Ami akapiga simu Kilindini papo hapo.

Ningesimama hapo, pengine leo nisingekuwa na kisa. Lakini Mwalimu, huku akitafuta miwani yake, akasema kuna kiambatisho kingine kilikataa juzi, mkia wake haukumbuki. Nikaziwaza zile ngazi. Nikaziwaza simu za Ami za saa tatu za usiku. Nikarudi kwenye rejista nikaandika mikia yote niliyoikumbuka, mmoja baada ya mwingine, nikiitenga kwa nukta mkato, mpaka mstari ukajaa. Mwezi uliotangulia tu Gmail ilikuwa imeanza kuyakataa mafaili ya .js, na habari hiyo niliisoma. Nikaiandika .js vilevile.

"Sasa Mwalimu, hapana kitu kitakachokukatalia tena," nikamwambia.

Kisha pilau.

Miezi mitatu mambo yalikwenda sawa. Hilo ndilo baya la kosa la namna hii, halinuki. Samaki akioza nyumbani majirani watakwambia, lakini mstari ulioandikwa vibaya ndani ya rejista hukaa kimya kama kuta, na kila siku inayopita bila balaa huwa ni ushahidi kwamba ulifanya vyema.

Mwaka ule ulikuwa na shughuli. Mwisho wa Mei reli mpya ya SGR ilizinduliwa, na kwenye mabaraza yote gumzo likawa makontena yatahamia relini na mawakala wa kisiwani watakula wapi. Ramadhani ilikuwa imeanza. Ikaja Idi, na punde baada ya Idi, Jumanne ya tarehe 27 Juni, Maersk ikalala. Kirusi kilichokuja kuitwa NotPetya kilipenya kupitia marekebisho ya programu ya hesabu za kodi inayotumika Ukraini, bila hata barua pepe moja, kikafuta kompyuta za kampuni hiyo ya meli huku na huko duniani. Mwenyekiti wake alieleza baadaye kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi, na hasara waliikadiria kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300. Kilichowaokoa kilinichekesha nilipokisoma. Katika ofisi yao moja Ghana stima ilikuwa imepotea wakati kirusi chapita, seva ya pale ikawa imezimika, na hiyo ndiyo iliyobaki na nakala nzima ya daftari lililoendesha mtandao wao. Sisi tuliokulia Mombasa tukilaani stima kila ikipotea, kumbe kuna siku ina baraka.

Maersk hawana mkono katika yaliyotupata. Nawataja kwa sababu ya kitu kimoja. Siku zile wafanyakazi wao, kwa kukosa njia nyingine, walifanya kazi kwa Gmail na WhatsApp, na habari hiyo ilienea. Mawakala tukazoea fikra kwamba barua ya meli yaweza kutoka anwani yoyote, hata ya ajabu, na usitie shaka, watu wana matatizo yao. Mwizi hahitaji zaidi ya hapo.

Barua yetu ilikuja mapema Julai ikijifanya ya ofisi nyingine kabisa, ambayo siitaji. Ilisema ni notisi ya kuwasili kwa meli. Kiambatisho kilikuwa na jina refu la Kiingereza lililoishia .pdf, na nyuma ya .pdf kilikuwa na .js. Kwenye barua jina lilionekana zima, na Mwalimu angelikuwa na macho ya kijana angeliliona, lakini miwani yake ilikuwa ya kusomea na si ya kutilia shaka. Mipangilio yangu ilimtaka aihifadhi kwanza faili kwenye kompyuta, naye akaihifadhi. Huko, Windows ikafanya ile ile ya mwaka 2000, ikauficha mkia wa mwisho. Akaona pdf. Akabofya mara mbili. Kitu kikapepesa kwenye kioo, kikapotea. Akaihifadhi tena, akabofya tena.

"Nikasema faili imeharibika," alinieleza baadaye. "Nikataka kukupigia. Kisha nikakumbuka ulisema hapana kitu kitakachokataa, nikaona kosa ni langu mimi."

Programu ile ilikwapua neno la siri la barua pepe ya ofisi, ambalo kompyuta ilikuwa imelihifadhi, ikalituma nje. Haikuharibu faili hata moja. Wezi wa leo hawavunji vyombo. Mwenye lile neno akaingia kwenye sanduku letu la barua kwa kivinjari, akiwa popote alipokuwa, akakaa akisoma. Alisoma wiki tatu. Alijifunza nani anamdai nani, bei gani, kwa maneno gani. Huduma yetu ya barua ilikuwa ya bei rahisi, na ilikuwa na sehemu ya kuweka kanuni: barua ya mtu fulani ikija, fanya hivi. Akaweka kanuni moja tu. Kila barua ya Sharjah nakala yake iende nje, na yenyewe ifutwe kabla Mwalimu hajaiona. Kisha akasajili jina la mtandao linalofanana na la kampuni ya Sharjah, ambalo lilikuwa na herufi m katikati. Mahali pa m akaweka r na n zikiwa zimekaa bega kwa bega. Ziandike kwa herufi ndogo, rn, uziweke mbali kidogo, uone kama utazikamata.

Baada ya hapo Mwalimu akawa akiongea na mwizi akidhani ni karani wa Sharjah. Barua zilikuwa na salamu zile zile, mzaha ule ule. Moja, na hii ndiyo inayoninyima usingizi mpaka leo, ilimuuliza goti lake laendeleaje. Mwalimu alikuwa amemwandikia karani wa kweli habari za goti mwezi wa sita. Aliposimulia, machozi yalimtoka hapo, si kwenye pesa.

Barua ya mwisho ilisema akaunti yao ya benki inakaguliwa, kwa hivyo malipo ya shehena hii yaende akaunti hii nyingine. Ami akampelekea mteja. Mteja akatuma dola 18,400 kwa TT, yaani kutoka benki hadi benki. "Sharjah" wakajibu kwa shukrani, wakaomba dua.

Siku kumi na mbili baadaye simu ya mezani ikalia. Karani wa kweli. "Ami, kwema huko? Mbona mmekuwa kimya? Nimeandika barua sita."

Usiku ule nilikaa mbele ya kompyuta ile mpaka adhana ya alfajiri ikatoka Msikiti wa Mandhry. Niliikuta kanuni. Niliikuta rn. Niliikuta faili, nakala mbili, kwani aliihifadhi mara mbili. Nilipoiambia Windows ioneshe mikia yote, kazi ya alama moja tu kwenye mipangilio ambayo ningeweza kuifanya siku ile ya pilau, .js ikachomoza kama mguu wa mtu chini ya pazia. Mwisho nikafungua rejista. Mstari wangu ulikuwa pale pale, na nukta mkato zake zote.

Benki ilituma ombi la kurudishiwa pesa, ikajibiwa kuwa akaunti ile imebaki tupu. Polisi waliandika taarifa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ilikuja kutiwa saini Mei 2018, na nyingine, ya Ulinzi wa Data, ikaja 2019. Nikiisoma hii ya pili hujiona nilivyokuwa mtoto. Kwenye sanduku lile mlikuwa na picha za vitambulisho na nambari za kodi za KRA za wateja wote wa Ami, na yule mtu alikuwa nazo zaidi ya wiki tatu. Ingekuwa leo, tungetakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wateja wenyewe waambiwe. Wakati ule tuliwaambia wawili watatu, wale wa kuonana nao msikitini, kwa aibu.

Ami na mteja walizigawana zile dola. Fungu la Ami lilimchukua mwaka mmoja na nusu kulipa, na mteja, hata baada ya kulipwa, akahamia kwa wakala mwingine. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, siku ya tatu, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa: "Siku ile ulipofungua, ulimfungulia mtu wa Sharjah, au ulifungua tu?"

Nilishindwa kumjibu. Nikashuka kwenye baraza la chini, ambako hukaa mzee mmoja aliyekuwa akitembeza watalii Fort Jesus kabla magoti hayajamkataa. Muuza kahawa alikuwa ameshamweleza kila kitu. Mji wa Kale hauna siri, una watu wanaojifanya hawajasikia.

"Mwanangu," akaniambia, "ngome ile Wareno waliianza 1593. Wakamleta fundi Mtaliano wa kuchora, Cairati, bingwa wa ngome. Waomani walipoitaka, wakaizingira tangu Machi 1696 mpaka Disemba 1698. Karibu miaka mitatu, watu wafa kwa maradhi na njaa ndani na nje. Lakini kabla ya hapo, 1631, iliingiwa kwa siku moja. Wajua na nani?"

Nilijua, kila mtoto wa shule za kisiwani ajua, lakini nilimwacha aseme. Mzee akinywa kahawa humkatizi.

"Yusuf bin Hassan. Mfalme wao wenyewe wa Mombasa, waliomlea Goa, wakambatiza wakamwita Dom Jerónimo. Agosti tarehe 16, yuwaja ngomeni na watu wake kumzuru kapteni. Wamwachia apite. Mfalme, rafiki, mwenzao wa kanisani. Akamchoma kapteni kisu, na ngome ikawa yake." Akageuza kikombe. "Watalii wakiniuliza ukuta gani ulibomoka, nawaonesha lango."

Huwa sipendi hadithi za Fort Jesus zikipachikwa kila mahali. Mombasa mtu hawezi kupoteza kuku bila kutajiwa Mreno. Lakini ile ilinikaa. Nilitaka kumwambia kwamba walinzi wa 1631 angalau walimjua aliyepita. Mimi niliacha amri kwamba wasiulizwe watakaokuja baadaye.

Jambo lililonivunja zaidi lilikuja mwezi mmoja baadaye. Tulikuwa tukipanga na Sharjah namna mpya ya kupelekeana karatasi, nikamuuliza karani kama kuna njia yoyote ya kuitoa ile orodha bila .mdb. Akacheka. "PDF ninayo hapa siku zote. Na Excel. Hiyo ya hifadhidata nawatumia kwa mazoea, nilidhani mwaitaka hivyo." Miaka minne hapana aliyemuuliza. Simu moja ya dakika mbili, Machi, ingelimaliza kila kitu, na Outlook ingeliachwa na kizuizi chake.

Siku hizi ninatengeneza kompyuta za ofisi nyingi, kutoka Mwembe Tayari mpaka Nyali, na swali la kwanza la wateja bado ni lile la Ami: mbona chakataa? Huwajibu kwa kuwaomba wapige simu. Mpigie aliyetuma, kwa nambari unayoijua wewe na si ile iliyoandikwa kwenye barua, umuulize ni kitu gani na kama aweza kukituma kwa namna nyingine. Mara nyingi yaishia hapo. Faili kubwa mno, zile ambazo Gmail hukataa zikipita megabaiti 25, huwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni na mtu akapewa ruhusa ya kuzifungua yeye peke yake. Pakiwa na ulazima wa kuruhusu mkia, kwa mfano hifadhidata haina mbadala na kazi imesimama, naandika huo mmoja, kwa kompyuta hiyo moja, na tarehe ya kuja kuufuta naiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Wengine huniona mzito. Kuna fundi mwenzangu, mwepesi kuliko mimi, ambaye wateja wake hawapigi simu mara mbili. Nilimkuta akimfundisha karani wa duka moja la Biashara Street namna ya kuondoa kile kizuizi cha makro (programu ndogo za ndani ya faili) ambacho Microsoft ilikiweka mwaka 2022 kwa mafaili ya Office yatokayo mtandaoni: bonyeza kulia, nenda kwenye sifa za faili, weka alama, sawa. "Ni hivyo tu kila siku," alimwambia. Nilisimama mlangoni nikitaka kusema neno. Alikuwa anaandaliwa soda.

Ujanja mwingine wa mjini ni kuifunga faili ndani ya zip yenye neno la siri ili ipite kwenye ukaguzi. Yapita, kwa sababu mkaguzi hawezi kuona ndani. Kwa sababu hiyo hiyo, mwizi naye huitumia, tena neno la siri hukuandikia kwenye barua ile ile, kwa ukarimu. Mwalimu sasa ana sheria yake: zip iliyofungwa haifunguliwi mpaka mwenyewe aje.

Nilijua sheria hiyo, nikaisahau. Mwezi uliopita nilimpelekea ripoti ya kompyuta za ofisi, nimeifunga kwa zip na neno la siri kwa kuwa ilikuwa na mambo ya ndani, kisha mchana nikapita chini ya dirisha lao nikielekea Marikiti. Dirisha likafunguka.

"We! Umenitumia kitu?"

"Naam, Mwalimu."

"Kitu gani?"

Nikamwambia.

"Kurasa ngapi?"

Nikakisia nne. Akaingia ndani. Jua la saa saba lilikuwa limenisimamia utosini, na muuza kahawa alikuwa ameanza kutabasamu. Dirisha likafunguka tena.

"Kimefungwa, sioni kilichomo. Panda uje ukifungue mbele yangu."

"Mwalimu, nina haraka! Si ni mimi?"

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa, akanitazama kutoka juu kama hajawahi kuniona.

"Mimi nani?"

Nikapanda.